Kutoka Kitabuni Hadi Runingani: Amana ya Msimuliaji



Kila inapotoka filamu au tamthilia iliyotokana na kitabu, hosteli zetu hupata mjadala uleule. Aliyesoma kitabu analalamika kwamba mhusika wake ameharibiwa. Ambaye hajakisoma anamjibu kwamba filamu ni filamu na kitabu ni kitabu, aache kusumbua watu. Mjadala unaishia hapo, kila mmoja anabaki na lake, kwa sababu tunauchukulia kama suala la ladha: wewe unapenda chumvi nyingi, mimi kidogo. Katika makala hii nataka kudai kwamba hili ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la ladha. Na sisi wanafunzi wa Kiislamu tumerithi kipimo cha kulipimia, ila hatujazoea kukitumia nje ya darasa la dini.

Tuanze na maneno. Kiswahili kimechukua kutoka Kiarabu neno "hadithi" na kulipa kazi mbili: maneno na matendo ya Mtume (s.a.w.), na pia kisa chochote, hata kile cha sungura na fisi. Kimechukua pia neno "riwaya". Kwa wanazuoni, riwaya ni kupokea habari na kuifikisha kwa wengine. Kwetu ni kitabu kirefu cha kubuni. Sisemi kwamba filamu ni sawa na Hadith, hasha! Lakini waliotutangulia walitumia karne nyingi kujiuliza swali linalofanana na letu: mtu anapofikisha habari aliyoipokea, ana ruhusa ya kubadilisha nini, na hana ruhusa ya kubadilisha nini?

Walitofautiana. Ibn Sirin alijulikana kwa kushikilia kufikisha tamko kama lilivyosikika. Hasan al-Basri alijulikana kwa kuruhusu kufikisha maana, hata kama maneno yatatofautiana. Wanazuoni wengi baadaye waliikubali riwaya kwa maana, kwa sharti zito: anayefikisha awe anaielewa habari kiasi cha kujua ni neno gani likibadilika maana nayo itabadilika. Hapohapo wakaweka mipaka. Kuingiza maneno yako ndani ya habari na kumfanya msikilizaji adhani ni sehemu yake, walikuita idraji, na anayefanya hivyo kwa makusudi ametenda kosa. Kumficha mtu aliyekupitishia habari, ili mnyororo uonekane safi kuliko ulivyo, walikuita tadlisi, na wakaikemea.

Kwa hiyo hawakuuliza tu kama kuna kitu kimebadilika. Waliuliza ni kitu gani kimebadilika, na kimemfanya nini msikilizaji.

Mabadiliko yasiyo na ubaya

Chukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya Zanzibar ya miaka ya ukoloni ambayo wenzetu wengi waliosoma Tanzania waliikuta darasani. Ilichapishwa mwaka 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitengenezea filamu. Riwaya ni ndefu, ina watu wengi, na inamtembeza Yasmin kutoka Unguja hadi Mombasa. Filamu ya saa moja na nusu hivi haiwezi kubeba yote hayo. Imebaki zaidi na Yasmin na Denge, na harakati za kumwondoa Mwingereza. Wahusika kadhaa wamepungua au wametoweka.

Unaweza kutokubaliana na mengi katika kisa chenyewe, kitabuni na kwenye filamu pia. Lakini kwa swali letu la leo, mimi sioni uovu katika kupunguza kule. Binti aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa baba yake bado ndiye anayekimbia. Sababu ya kukimbia haijabadilishwa, wala lawama haijahamishwa kutoka kwa waliomwoza ikatupwa juu yake. Msimuliaji amefupisha, na maana ya jambo hilo imebaki. Hii ndiyo riwaya kwa maana.

Kinachopaswa kulindwa, basi, nadhani kimo ndani ya neno letu wenyewe "mhusika". Mhusika ni yule jambo linalomhusu. Polisi wakisema wanawatafuta wahusika, wanawatafuta waliofanya. Wasifu wa mhusika, yaani rangi ya shati lake, urefu wake, utani wake, hata mji anaoishi, unaweza kubadilika. Dhima yake ni jambo jingine: alifanya nini, nani alimtendea wema, nani alimdhulumu, na nani anamdai. Ukiigusa dhima, umeingia katika haki za watu. Nitatoa mifano mitatu ya namna inavyoguswa.

Kuondoa kosa

Mfano wa kwanza uko karibu nasi. William Kamkwamba ni kijana wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, jirani na Dowa. Mwaka 2009 alitoa kitabu cha maisha yake, The Boy Who Harnessed the Wind, alichoandika pamoja na Bryan Mealer. Mwaka 2019 kikawa filamu iliyooneshwa na Netflix, ikiongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia aliigiza kama Trywell, baba yake William. Hiki si kitabu cha kubuni, na kwa sababu hiyo amana yake ni nzito zaidi. Filamu ilipigwa hapahapa Malawi, na waigizaji wanazungumza Chichewa pamoja na Kiingereza. Heshima hiyo tuitambue kwanza.

Lakini tazama kilichobadilika. Kitabuni, njaa ya 2001 na 2002 inakwisha mvua inyeshapo na mahindi mapya yanapokomaa. Kinu cha upepo kinakuja baada ya hapo, na kazi yake ya kwanza ni kuwasha taa nyumbani. Pampu ya maji ilikuja baadaye sana. Kwenye filamu, kinu kinavuta maji wakati wa njaa yenyewe na kuokoa mazao. Kijana mmoja amepewa kazi iliyofanywa na mvua ya Mola na majembe ya wakulima. Mvutano wa baba na mwana kuhusu baiskeli nao, ambao kitabuni ni jambo dogo, umekuzwa hadi ukawa kilele cha kisa. Baba halisi, mwenye jina lake na majirani zake, anaonekana mbele ya dunia kuwa mgumu kuliko mwanawe alivyomwandika.

Kuna badiliko jingine ambalo ni rahisi kulipita. William alikuwa na mbwa, Khamba. Kwenye filamu mbwa huyu anakufa kwa njaa, na mtazamaji anahuzunika pamoja na mvulana. Kitabuni William anaeleza jambo zito zaidi: kwamba njaa ilipozidi, alikwenda na binamu yake msituni, wakamfunga mbwa kwenye mti wakamwacha, na baadaye wakarudi kumzika. Alikaa na siri hiyo kwa miaka, kisha akaiandika mwenyewe.

Muislamu akisoma habari hii lazima akumbuke yule mwanamke ambaye Mtume (s.a.w.) alitueleza kuwa aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Lakini mvulana huyu si mwanamke yule. Hakuwa na chakula cha kumnyima mbwa. Yeye mwenyewe alikuwa akikonda. Ndiyo maana kurasa zile ni ngumu, na ndiyo maana zina faida. Zinamwonesha msomaji njaa inavyofanya: haikondeshi mwili tu, inamsukuma mtu mwema kufanya jambo ambalo moyo wake utalibeba. Filamu imetuletea njaa ikaacha jambo hilo. Kijana ametoka safi.

Hapa ndugu msomaji anaweza kunipinga kwa hoja nzuri. Atasema: dini yetu inatufundisha sitara. Anayemsitiri mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Je, filamu haijamsitiri William?

Jibu langu ni hili. Sitara ni kufunika aibu ambayo mwenyewe anaificha, au ambayo kuitangaza hakuna faida ila kumvunjia heshima. Hapa mwenyewe ndiye aliyeleta habari yake mbele ya watu ili ijulikane njaa ni nini. Kumwondolea hakumsitiri tena. Kunamnyang'anya ushahidi wake. Tazama pia namna Qur'ani inavyosimulia. Inatuambia kwamba Musa (a.s.) alimpiga mtu akafa, kisha akaomba msamaha. Inatuambia kwamba Yunus (a.s.) aliondoka kwa ghadhabu, na nduguze Yusuf walimtupa kisimani. Visa hivi havikusafishwa ili vitupendeze. Kama vingesafishwa, mlango wa toba ndani yake tungeuonaje?

Kuongeza wema usiokuwepo

Mfano wa pili ni wa runinga hasa. Mwaka 1976 Alex Haley alitoa kitabu chake Roots, na mwezi Januari 1977 kituo cha ABC cha Marekani kikaonesha tamthilia yake kwa usiku nane mfululizo. Wazee wetu wengi wanalijua jina la Kunta Kinte hata kama hawajui kitabu. Niseme mapema kwamba kitabu chenyewe kina maswali yake: Haley alikitoa kama historia ya ukoo wake, wanahistoria wakapinga sehemu zake, na mwaka 1978 alimlipa mwandishi mwingine, Harold Courlander, baada ya kushtakiwa kwa kunakili. Kwa hiyo sisemi kitabu daima ni safi na runinga daima ni chafu. Ninapima tu safari kati ya kimoja na kingine.

Kitabuni, safari ya melini tunaiona kwa macho ya Kunta. Tuko chini, gizani, pamoja na minyororo, uvundo na maiti. Wazungu ni sauti na mijeledi. Tamthilia ikaongeza mtu: nahodha Davies, mcha Mungu wa Kikristo ambaye kazi ya kubeba watumwa inamsumbua dhamiri. Watengenezaji walijua kwamba watazamaji wengi wa Marekani ni wazungu, wakataka wawe na mtu wa kumshika mkono.

Sisemi haiwezekani nahodha kusumbuliwa na dhamiri. John Newton alikuwa nahodha wa meli za watumwa, na mwaka 1788 alichapisha maandishi ya kuipinga biashara ile. Wako waliotubu. Tatizo ni kwamba jicho limehamishwa. Kitabu kilituweka chini na waliofungwa. Tamthilia ikatupandisha juu kwa nahodha, ikatuomba tumhurumie kwa uzito wa moyo wake. Huruma ya mtazamaji ina mipaka, na sehemu ya haki ya aliyefungwa imegawiwa aliyefunga.

Na wakati nahodha anaongezewa dini, Kunta anapunguziwa. Kitabuni ni Muislamu kwa miaka yote ya utumwa: anamwomba Allah kwa siri, anakataa nguruwe hata akiwa na njaa, anahesabu miezi kwa vijiwe ndani ya kibuyu ili asipoteze wakati. Mwaka 1977 Uislamu huo umepungua sana mara tu anapoiacha Afrika nyuma yake. Mtazamaji aliona ukaidi wa Kunta lakini hakuona vizuri ulikotoka.

Wapo watakaosema: Kunta na Davies ni watu wa kwenye kitabu na kwenye skrini, nani amedhulumiwa? Ni kweli kwamba mtu wa kubuni hana heshima ya kuvunjiwa. Lakini anasimama badala ya watu waliokuwepo. Waislamu waliovushwa bahari kwa minyororo walikuwepo, na wengi hawakuacha hata jina. Kisa cha Kunta ni karibu kaburi pekee walilo nalo.

Kuwafuta waliotenda wema

Mfano wa tatu ni mhusika ambaye wengi wetu tunampenda. Haley huyohuyo ndiye aliyeandika pamoja na Malcolm X kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1965. Spike Lee akakifanyia filamu mwaka 1992, na Denzel Washington akaigiza vizuri kiasi kwamba wengi wetu tukimfikiria Malcolm tunaona uso wa Denzel.

Kwenye filamu, Malcolm anakutana gerezani na mfungwa anayeitwa Baines. Baines anamwamsha, anamfunza thamani ya maneno, anampeleka kwenye mafundisho ya Nation of Islam, na miaka baadaye anakuwa miongoni mwa wanaomwonea wivu. Baines hakuwepo. Kitabuni, aliyemvutia kwenye kusoma ni mfungwa aitwaye Bimbi. Waliomvuta kwenye dini ile ni ndugu zake wa damu: Philbert aliyemwandikia, Reginald aliyempelekea barua ya kumwambia aache nguruwe na sigara, na Hilda aliyekwenda kumtembelea. Dada yake Ella alihangaika mpaka akahamishiwa gereza lenye maktaba nzuri. Ni Ella huyohuyo aliyempa fedha za safari ya Hija mwaka 1964, safari iliyomtoa kwenye mafundisho ya Nation of Islam na kumwingiza katika Uislamu wa umma wote. Kwenye filamu Ella hayupo kabisa.

Msanii atasema watu watano ni wengi, mmoja anatosha. Kwa hesabu ya dakika, sawa. Lakini tazama mtazamaji anaondoka na nini: kwamba Malcolm aliokolewa na mgeni mwenye akili. Hajui kwamba aliokolewa na familia maskini iliyotawanyika, baba ameuawa, mama yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, na bado ndugu wakaandikiana barua. Hapa kuna idraji, kwa kuwa ameingizwa mtu asiyekuwepo. Kuna pia kitu kama tadlisi, kwa kuwa waliomfikishia habari wamefichwa. Na ni dhuluma kwa dada aliyetoa fedha zake ndugu yake akahiji.

Kwa nini hili linatuhusu sisi

Ninakaa Area 49 hapa Lilongwe, na watu wangu wako Dzaleka. Kambi ile, ambayo enzi za Banda ilikuwa gereza, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kidogo, leo wanaishi zaidi ya elfu hamsini. Sehemu chache nchini hukusanya visa vingi kiasi hicho, na wageni wenye kamera hulijua hilo.

Jirani yetu mmoja, mama wa kutoka Uvira, aliwahi kusimulia maisha yake mbele ya kamera ya wageni waliopita. Alizungumza kwa muda mrefu. Alipooneshwa video iliyokamilika ilikuwa ya dakika chache: mama, watoto, njia, kambi, kisha tabasamu. Aliitazama mara mbili. Hakulalamika kwamba imefupishwa. Aliuliza swali moja tu: "Na shemeji yangu?" Maana katika kisa chake alikuwemo mdogo wa mumewe, aliyewavusha usiku akarudi kumfuata mzee wao, na hakuonekana tena. Aliyekata picha aliona mtu huyo anachanganya hadithi. Kwa yule mama, mtu huyo ndiye hadithi.

Sidhani wale vijana walikuwa na nia mbaya. Lakini nia njema haikumrudisha shemeji ndani ya video.

Sisi nasi tumo katika kazi hiyohiyo. Tunaandika insha za kuomba ufadhili, tunahojiwa, tunaandaa maigizo ya jumuiya, tunarusha video fupi kwenye simu. Kila mara tunawachukua watu halisi, mara nyingi wazazi wetu, na kuwafanya wahusika. Kishawishi kinajulikana: mwombaji awe shujaa aliyejiinua peke yake, baba awe mgumu ili mwana ang'ae, shangazi aliyelipa ada ya kidato cha pili aachwe nje kwa sababu insha ina ukomo wa maneno mia tano.

Naona maswali matatu yanatosha kumpima msimuliaji, awe wa Hollywood au wa chumba cha pili hapo hostelini. Je, nimemwondolea mtu kosa ambalo bila hilo kisa hakisemi kweli? Je, nimempa mtu wema au ubaya asiokuwa nao, hasa mwenye nguvu mbele ya mnyonge? Je, nimemfuta aliyetenda wema kwa sababu tu hakutosha kwenye fremu? Likipatikana jibu la ndiyo, kusema kwamba ni sanaa tu hakutoshi. Lugha tunayoiheshimu kuliko zote inatofautisha kumsema mtu kwa alilonalo na kumzulia asilonalo, na yote mawili tumeonywa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba onyo hilo halifiki kwenye skrini.

Hili halimaanishi tuache kutazama wala kutengeneza. Linamaanisha kwamba baada ya filamu ya Malcolm, mtu asome kitabu na kumwombea dua Ella. Linamaanisha kwamba anayeandika insha yake mwezi huu atafute sentensi moja ya kumweka shangazi. Maneno mia tano yana nafasi ya jina moja.

Siku ya hesabu, kila kiungo kitasema kilichofanya, na hakuna atakayebebeshwa mzigo wa mwingine. Hapo wahusika wote watarudishiwa dhima zao kama zilivyokuwa. Msimuliaji mwaminifu ni yule ambaye siku hiyo hatakutana na mtu akimuuliza: "Mimi ulinipeleka wapi?"

Wabillahi tawfiq.